Ukurasa Nilioutia Jikoni

Kosa ni langu, na nililitenda kwa mwandiko mzuri. Nisikilize kama unavyomsikiliza mzee wa jirani, bila kuniuliza jina.

Katika miaka ya sitini, ardhi yetu huku Nyamache ilipokuwa ikipimwa ili kila mtu apewe hati, nilichaguliwa karani wa kamati ya kijiji. Nilikuwa mwalimu. Maneno ya sokoni sikuyaamini. Kwangu, jambo lisiloandikwa lilikuwa halijatokea.

Mipaka ilibadilika kila wiki, kwa kuwa ndugu walibadilishana vipande ili mashamba yaungane. Mwalimu mwenzangu, Ondieki, alishauri kila mmoja wa milima mitano ya kijiji uwe na daftari lake, kisha kila Jumapili tuyalinganishe, na yakitofautiana twende shambani kutazama. Alitaka pia kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, libaki likisomeka, na pembeni aandikwe aliyebadilisha na siku aliyobadilisha.

Nilimcheka. Madaftari matano, nilisema, yatazaa mipaka mitano. Nikaamua liwe moja, likae kwangu ndani ya sanduku la bati, liandikwe na mmoja mmoja kwa zamu. Ukurasa ukichafuka ningeunakili upya, na ule wa zamani ningeuchoma. Nilichukia makovu kwenye karatasi. Kamati ilinikubalia, kwa kuwa nilijua kusema. Ole wangu!

Nilipokwenda mafunzoni wiki tatu, ufunguo nilimwachia shemeji yangu Zakaria, mume wa dada yangu. Tulikuwa tumekula pamoja miaka kumi. Niliporudi, nilikuta ukurasa mmoja umekwaruzwa kwa wembe na kuandikwa upya. Nilipomuuliza, alisema wino ulimwagika.

Nikamwamini! Mimi, niliyemtaka kila mtu atoe ushahidi! Nikaunakili ukurasa ule kwa mkono wangu, mistari imenyooka, na ule uliokwaruzwa nikautia jikoni.

Ukurasa huo ulikuwa wa shamba la Kwamboka, mjane aliyepakana na Zakaria. Kipande chake cha bondeni, chenye migomba na chemchemi, kilikuwa kimehamia kwa shemeji yangu.

Siku ya kusomewa mipaka, Kwamboka alipinga. Wazee wawili walioshika kamba ya kupimia walisema wanakumbuka vingine. Ondieki naye akatoa daftari; kumbe alikuwa akiandika lake kwa siri tangu mwanzo, na lilikubaliana na wazee. Nilitamka kwamba nakala hiyo haina idhini, na kumbukumbu za wazee ni porojo.

"Mwalimu," Kwamboka aliniambia taratibu, "tulipopima ulikuwepo. Ulikunywa maji ya chemchemi ile. Usisome. Kumbuka."

Nilisoma.

Hati zikatoka. Kwamboka na wanawe wanne wakahamia kwa kaka zake, upande wa Nyamira, na huko analima kwa hisani yao.

Miaka minane ikapita. Zakaria akajenga bondeni, akanialika niiombee nyumba. Baada ya chai akaanza kucheka.

"Shemeji, uliporudi kutoka mafunzoni nilitetemeka. Nilijua utauona wembe. Wewe ukaninakilia!"

Nilimwambia tuondoke wakati huo huo, twende ofisi ya ardhi tukaseme. Hakukasirika.

"Tukaonyeshe nini? Mwandiko ni wako. Wangu uliuchoma."

Daftari la Ondieki je? Alikuwa amefariki, na mkewe aliniambia kwamba baada ya siku ile ya kusomewa mipaka mumewe alilitupa mwenyewe.

Nilikwenda Nyamira, nikamweleza Kwamboka kila kitu. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: je, nitayasema hayo mbele ya watu, pale pale nilipomsomea? Nilimjibu kwamba dada yangu anaishi katika nyumba ile ya bondeni. Akanisindikiza hadi barabarani, akaniambia niende salama.

Zakaria alinisaliti, na simsamehe kwa urahisi. Lakini njia ya kunisaliti niliijenga mimi, nikaisifu mbele ya kamati.

Ewe unayetunza maandishi ya watu, usiione aibu karatasi iliyokatwakatwa. Acha kosa lionekane, na aliyelisahihisha ajulikane. Wape na wengine nakala, hasa wale wanaokupinga. Na mtu akikuambia kitabu chako kimekosea, kifunge, vaa viatu, uende naye shambani. Mimi nilibaki nimeketi.