Nilivyomzika Shangazi Hewani

Siku niliyomlilia shangazi yangu kwenye runinga kwamba amefariki, yeye alikuwa kwake anamlisha mwanangu uji.

Ndiyo. Nichekeni kwanza, kisha niendelee.

Mimi ni fundi wa sauti. Kazi yangu ni kufanya mlango ulie, upepo uvume, na mtazamaji aogope kwenda chooni peke yake. Bosi wetu tunamwita Chumvi, kwa sababu hajawahi kusimulia jambo bila kulikoleza.

Mwaka jana Chumvi alitaka wimbo wa kutisha kwa tamthilia yake ya mizimu. Nilihangaika wiki mbili. Kila nilichompelekea alisema, "Huu hata kuku haumshtui."

Sasa, shangazi yangu hulea watoto wa watu nyumbani kwake. Asubuhi wazazi wanamwachia, jioni wanawachukua. Watoto tisa, na wangu akiwemo. Hakujaliwa kuzaa, na kelele za wale watoto ndizo uhai wake. Ana pia wimbo wa kuwabembeleza, kautunga mwenyewe.

Nikamrekodi kwa simu bila kumwambia. Nikaishusha sauti, nikaivuta, nikaitia mwangwi kama mtu anaimbia kisimani. Nilipoisikiliza, niliwasha taa mchana kweupe.

Chumvi akaruka. "Nani huyu?"

"Shangazi yangu."

"Yuko hai?" Uso ulimshuka kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. "Basi tumuue."

Wiki hiyo hiyo tangazo likatoka: mwanamke aliyeimba wimbo huu alikata roho siku tatu baada ya kurekodiwa, na hadi leo chumbani kwake husikika sauti yake. Watu wakaogopa, na walivyoogopa ndivyo walivyopenda. Mimi nikafyata ulimi. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha.

Basi mama mmoja akaenda kumchukua mwanawe mapema, akamsikia shangazi anaimba wimbo ule ule ndani. Weee! Alimnyakua mtoto, akakimbia peku, viatu akaviacha mlangoni.

Umbeya hauna breki. Mmoja akasema mwanawe anahamia kwa bibi yake. Mwingine akaapa kwamba shangazi hana kivuli. Makubwa! Mtu mliyemwachia watoto miaka kumi, leo ndiyo mnatafuta kivuli chake?

Wakabaki wanne. Wakabaki wawili. Mwisho akabaki wangu peke yake.

"Mwanangu, nimewakosea nini wenzangu?" shangazi aliniuliza siku moja, ameshika kikombe cha plastiki cha mtoto asiyekuja tena. "Au nanuka?"

"Watu tu hao, shangazi. Watarudi."

Jibu nilikuwa nalo. Roho iliniuma, lakini mdomo nikaufunga.

Kisha Chumvi akanipeleka kwenye kipindi cha asubuhi, kinachorushwa moja kwa moja, nikasimulie "kisa cha kweli." Nilisimulia, jamani! Shangazi alivyonishika mkono, alivyonikabidhi wimbo, alivyofumba macho. Nikalia hadi kamasi. Mtangazaji naye akalia, kwa uangalifu, asiharibu wanja.

Wakafungua simu.

"Mpigaji wa kwanza, karibu. Tunaongea na nani?"

"Mimi ndiye marehemu."

Chumvi, nyuma ya kamera, akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Niliwasha runinga nimwone mwanangu alivyopendeza," shangazi akaendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Mwambieni huyo anayelia, mwanawe amemaliza uji. Namlaza sasa hivi. Naruhusiwa, au maiti haimbi?"

Akaimba. Bila mwangwi, bila kuvutwa. Ulikuwa wimbo mtamu wa mtu mzima anayembembeleza mtoto mkaidi. Mwishoni nchi nzima ilimsikia mwanangu akikoroma.

Nilitamani ardhi ipasuke initwae.

Kesho yake Chumvi akatangaza, "Marehemu apiga simu kipindini!" Watazamaji wakaongezeka maradufu. Yule hana dawa.

Wazazi nao wakarudi wote, midomo imejaa asali. "Sisi tulijua tangu mwanzo ni uzushi," alisema yule wa kivuli, bila hata haya. Shangazi akawapokea watoto mmoja mmoja.

Jumatatu nikampeleka wangu. Nilipiga magoti pale mlangoni, nikaungama yote, nikaomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe," akasema. "Damu nzito kuliko maji. Inuka."

Nikashusha pumzi, nikamnyooshea mtoto.

Akambusu utosini, akamrudisha kifuani kwangu.

"Ila marehemu halei watoto."

Akafunga mlango taratibu, maana ndani kulikuwa na mmoja ameshalala.

Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo. Kazi nimeacha, naandika haya mtoto yuko mgongoni ananililia sikioni.

Ndugu zangu, kabla hujamzika mtu kwa mdomo, angalia kwanza ni nani anayekulelea mwana.