Maneno Niliyomuuzia Kalunde

Harufu ya mchanga uliolowa bado hunikamata. Juzi fundi alikuwa anachanganya simiti nje ya nyumba yangu, akalimwagia maji rundo la mchanga wa mtoni, na mimi niliyekuwa nimempelekea chai nikasimama pale na kikombe mkononi mpaka akaniuliza kama kuna shida. Nikamwambia hakuna. Ilikuwepo, lakini utaanzaje kumweleza fundi wa watu kwamba mchanga wake umekukumbusha msichana aitwaye Kalunde? Ninyi nitawaeleza, kwa sababu hamnijui na huenda tusikutane.

Nilizaliwa upande wa Tulia, Kitui, mahali ambapo mto ni mto kwa jina tu. Mvua ikinyesha hujaa siku chache, ukabeba miti na mbuzi wa watu, kisha hukauka ukabaki mchanga mweupe unaochoma nyayo. Maji yapo, ila yako chini. Unachimba mpaka mchanga ubadilike rangi, unashuka shimoni, unachutama na kungoja. Maji hujitokeza polepole kutoka pembeni, ukichota kata mbili tatu yamekwisha, na unangoja tena. Kwa hiyo miaka ile ya sabini, nilipokuwa darasa la sita, kila jioni baada ya shule kulikuwa na foleni pale mtoni. Haikuwa foleni ya watu, ilikuwa ya mitungi. Mtungi wako ulisimama badala yako, nawe ukaenda kukaa kivulini ukingoni na wenzako.

Pale kivulini tulicheza Kiingereza. Mwalimu wetu, Bwana Nzioka, alikipenda Kiingereza kuliko chakula, na sisi tuliamini kwamba hata ndoto zake zilikuwa za Kiingereza. Mwaka ule alituletea maneno ambayo ukiyasikia ni sawa, lakini ukiyaandika ni tofauti, na maana pia tofauti. Sun ni jua na son ni mtoto wa kiume. Meat ni nyama na meet ni kukutana. Sisi tuliyaita mapacha. Kila Ijumaa alituita ubaoni mmoja mmoja, na aliyeyajua mengi zaidi alikaa dawati la mbele wiki nzima iliyofuata. Nililikalia dawati hilo wiki nyingi, na sitajifanya mnyenyekevu hapa: nililipenda sana.

Kalunde aliishi na susu wake, yaani nyanya yake mzaa mama, ng'ambo ya shamba letu. Mama yake alikuwa amekwenda Mombasa kutafuta kazi, habari zake zikaja kwa muda, kisha zikakatika. Kalunde mwenyewe aliacha shule darasa la tatu, macho ya susu yalipoanza kufifia, maana lazima mtu achunge mbuzi na kuleta maji. Tulikuwa rika moja, ila yeye alinipita kimo kwa kichwa kizima. Mchana aliwanywesha mbuzi, akauweka mtungi wake mstarini, akakaa pembeni kusuka kiondo, kikapu cha mkonge. Sisi tulipofika mbio kutoka shule, mtungi wake ulikuwa karibu kabisa na kisima. Alisuka kimya akijifanya hatusikii.

Kumbe alisikia kila kitu. Jioni moja aliniita kando. Alikuwa amemwona Mwalimu Nzioka akivuka mto, akapata ujasiri wa kumuuliza kama anaweza kurudi shule, kwa sababu binamu yake alikuwa anakuja kukaa na susu na angewachunga mbuzi. Mwalimu alimwambia aje muhula ukifunguliwa, asimame mbele ya darasa lake. Akionekana anaweza kufuata, angekaa nasi. Asipoweza, angeanzia pale alipoachia, darasa la tatu, pamoja na watoto wadogo.

"Kukaa na watoto wa darasa la tatu siwezi," Kalunde alisema. "Magoti hayataingia chini ya dawati. Mumbua, nifunze hayo mapacha. Wewe unajua yote."

"Na mimi nitapata nini?"

Sijui swali lile nililitoa wapi. Nyumbani hatukulelewa hivyo. Kalunde alitazama shimo, akatazama mstari wa mitungi, akafikiri kidogo.

"Nitakupa mahali pangu," alisema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza biashara. Pacha mmoja, mahali pamoja. Mtungi wangu ulisogea mbele, wake ukarudi nyuma kabisa nilipokuwa mimi, na hakuna aliyenung'unika kwa sababu foleni haikuongezeka. Tulichutama kwenye mchanga mbichi kando ya kisima, nikaandika kwa kidole. Yeye aliandika chini ya maandishi yangu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, akayatazama maneno mpaka atosheke. Baadaye punda walipita wakayafuta. Daftari hakuwa nalo. Alichokosa kukiweka kichwani kilikuwa kimepotea, na jioni iliyofuata, kabla sijamfunza lolote jipya, alinisomea yote ya nyuma bila kukwama.

Nyumbani nikaanza kusifiwa. Mama alikuwa akichelewa kupika kwa kuyangoja maji yangu, na sasa nilifika jua likiwa bado juu. Susu wa Kalunde alipokuja siku moja kuomba chumvi, alikaa jikoni kwetu na fimbo yake, akalalamika.

"Huyu msichana wangu siku hizi anarudi na giza," alisema. "Mbaazi inakaa jikoni bila maji mpaka nasinzia. Sijui anacheza na nani huko mtoni."

"Wangu hachezi," mama alijibu. "Huyu ukimtuma maji, ni kwenda na kurudi."

Nilikuwa pale pale, nachochea moto. Nilichochea sana.

Sasa, maneno yana kawaida ya kwisha. Mwalimu Nzioka alitupa machache kwa wiki, na mimi nilikuwa nauza moja kila jioni. Ikafika siku sina hata moja. Ningeweza kusema, Kalunde, leo sina, nikarudi nyuma ya foleni kama watu wengine. Lakini foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa na njaa, na zaidi ya yote nilishindwa kutamka kwamba kuna kitu sikijui.

"Goat iko na pacha?" Kalunde aliniuliza. Alipenda maneno ya vitu alivyovizoea.

"Iko."

Nikaandika goat, yaani mbuzi, na chini yake gote. Nikamwambia gote ni beberu.

"Nilijua tu," alisema akitikisa kichwa kwa furaha. "Beberu hawezi kukosa jina lake mwenyewe."

Baada ya hapo ikawa rahisi. Niligundua kwamba kubuni neno hakuchoshi kama kulijifunza. Maji ya mtoni yalipata neno lao na maji ya mvua lao. Hata kiondo nilikipatia pacha. Kalunde aliyapokea yote kwa heshima ile ile aliyoyapokea yale ya kweli, na mimi nikaendelea kufika nyumbani mapema.

Kisha akauliza kuhusu mother. Aliuliza akiutazama mkonge mikononi mwake, hakunitazama mimi.

Niliandika mother, na chini yake mather.

"Hiyo ya pili ni nini?"

"Ni mama ambaye ameenda mbali lakini atarudi."

Aliacha kusuka. "Waingereza wako na neno ya hiyo?"

"Wako nayo."

Siku ile hakuandika chini yangu. Aliokota vijiwe akalizungushia neno lile ili punda wasilikanyage. Ningependa kuwaambia kwamba moyo ulinichoma. Haukunichoma. Nilishuka kisimani nikachota maji yangu.

Muhula ulipofunguliwa alikuja. Alikuwa amevaa gauni la kuazima lililomfika juu ya magoti, miguu imepakwa mafuta ikang'aa, akasimama mbele yetu mikono nyuma. Mwalimu Nzioka hakuwa mtu mkali. Alimpa kitabu asome, Kalunde akasoma kwa kujikokota, akakwama, akaendelea, na Mwalimu akatikisa kichwa kwa namna iliyoonyesha kwamba analegea. Nilimwona. Kiti kilikuwa kinapatikana.

"Na nini kingine unajua?" alimuuliza.

Kalunde akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Najua mapacha, Mwalimu."

Akapewa chaki. Alijua mengi ya kweli, na angeanza na sun na son leo ningekuwa na hadithi nyingine. Lakini alianza na lile alilolipenda kuliko yote. Aliandika mother, akaandika mather chini yake, kwa herufi kubwa zilizonyooka, kisha akageuka akatueleza maana yake kwa sauti ambayo hata nyuma kabisa ilisikika.

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka, ila alikunja uso. Akamwambia aandike lingine. Kalunde akaandika goat na gote, na hapo watoto wakapiga madawati. Mimi nilikuwa dawati la mbele, karibu naye kiasi cha kunusa mafuta ya miguu yake. Nilicheka. Nilicheka kwa sababu nilihofu kwamba asiyecheka angetazamwa.

"Nani alikufunza hii?" Mwalimu aliuliza.

Kalunde hakugeuza hata jicho upande wangu.

"Nimejifunza mwenyewe, Mwalimu."

Mwalimu alimwambia, bila hasira, aende darasa la tatu, angezungumza na mwalimu wa kule. Kalunde aliiweka chaki chini taratibu isivunjike, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akiupita mlango wa darasa la tatu bila kusimama, akashika njia ya mtoni.

Jioni ile nilitaka kusingizia ugonjwa, lakini mama alinipa mtungi na mazungumzo yakaisha. Njia nzima nilipanga namna ya kukana. Nitasema hakunielewa. Nitasema ni mzaha. Nitasema nani atamwamini mchunga mbuzi. Haya yote niliyapanga nikiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na nikiyakumbuka sasa nashangaa moyo wa mtoto unavyoweza kuwa mgumu.

Kalunde alikuwa pale pale anapokaa siku zote. Aliponiona aliweka kiondo chini, akaja.

"Mumbua, nisamehe," alisema. "Wewe ulinifunza vizuri, mimi nikachanganya herufi. Kichwa yangu imeharibu maneno yako."

Niliutua mtungi wangu mwisho wa mstari.

"Ndiyo maana sikutaja jina lako," aliendelea. "Mwalimu angefikiri ni wewe hujui."

Sentensi moja ingetosha. Hukukosea, ni mimi. Mwalimu Nzioka alikaa karibu na soko, tungemkuta nyumbani, ningechapwa, ningepoteza dawati, na Kalunde pengine angerudi darasani kesho yake. Haya hayahitaji utu uzima kuyaelewa. Niliyajua palepale nikiwa nimesimama.

"Haidhuru," nikamwambia. "Nimekusamehe."

Alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha, bila kuniomba neno lolote siku ile, aliuchukua mtungi wangu nyuma ya foleni, akauweka palipokuwa na wake. Nikachota. Nilifika nyumbani mapema na mama akanisifu.

Kalunde hakurudi shule, wala mama yake hakurudi kutoka Mombasa. Mimi nilifaulu, nikaenda sekondari, nikaajiriwa, na Kiingereza kimenilisha mpaka leo. Kwa miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa uongo ule wa mchangani, na nikajiambia uongo wa watoto husahaulika.

Kisha katika miaka ya tisini nilipita sokoni Tulia, nikamkuta anauza mbaazi na viondo. Tulishikana mikono muda mrefu. Alikuwa na binti yake aliyevaa sare ya shule, akamsukuma mbele aniamkie.

"Huyu ni wa kwanza kwa darasa," aliniambia akicheka. "Mungu alimwonea huruma. Hakuchukua kichwa yangu. Wewe unaijua vile ilikuwa."

Akamgeukia binti. "Huyu auntie alijaribu sana kunifunza Kiingereza. Alichoka na mimi."

Nilinunua mbaazi ambazo sikuzihitaji, nikaingia kwenye gari, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimemuuzia. Aliamini maisha yake yote kwamba kichwa chake ni kibovu. Alimlea mtoto akishukuru kwamba hakukirithi. Na mimi, mtu pekee duniani anayeujua ukweli, nilikuwa nimesimama mbele yake sokoni, mchana kweupe, nikamwomba anifungie mbaazi vizuri.

Tulia si mbali. Kila nikisikia harufu ya mchanga uliolowa hujiambia nitakwenda, na sijakwenda. Nikienda, nitakachomwambia ni kifupi. Yale maneno aliyashika yote kama nilivyoyaandika. Hakukosea hata herufi moja.