Fowadi wa Sekunde Thelathini na Nane

Nikipita uwanja wa ndege watu huomba kupiga picha na mimi. Hawanijui. Wameona tu mtu wa mita mbili na sentimita tatu amebeba begi lenye nembo ya timu, wakaona wasije wakajuta baadaye. Na mimi, kwa kukosa haya, nasimama nauza sura. Mama mmoja aliwahi kuniuliza, "Wewe ndiye yule?" Nikamjibu, "Ndiye." Yule nani, mpaka leo sijui, na yeye sidhani kama anajua.

Ukweli wenyewe ni huu. Nimecheza mpira wa kikapu wa kulipwa nje ya nchi miaka kumi na mmoja, timu saba, nafasi ya fowadi. Sasa ukisikia fowadi usiwafikirie wale wanaoruka wakaning'inia kwenye pete. Fowadi wa aina yangu kazi yake ni kusimama. Nasimama njiani kama kabati, mlinzi wa wapinzani ananigonga, mwenzangu anapita pembeni yangu anafunga, watu wanamshangilia yeye. Mimi nabaki nimeshika mbavu. Gazeti la kesho yake halina safu ya waliosimama vizuri.

Dunki ya maana, ya kuruka na kuusukumia mpira ndani ya pete kwa mkono, nimewahi kufunga moja. Ilikuwa mwaka wa tatu, mlinzi wao akiwa amechuchumaa anafunga kamba ya kiatu, lakini hilo kwenye video halionekani. Video hiyo nimeituma nyumbani kila msimu kana kwamba ni ya jana. Mwaka jana dada yangu, ambaye si mjinga hata kidogo, akaniandikia: "Kaka, hongera. Ila mbona nywele zimerudi?"

Aliyekuwa akiniuma moyoni ni baba. Baba yangu ni fundi cherehani. Nilipoanza kurefuka kama mtu aliyetumwa, yeye ndiye aliyekuwa akishusha pindo za suruali zangu, na pindo zilipokwisha akaanza kuunga kitambaa chini. Nilikwenda shule na suruali za rangi tatu, watoto wananiita Bendera. Jezi yangu ya kwanza aliishona yeye, namba kumi na nne akaikata kwenye mabaki ya pazia. Halafu nikaondoka, na katika miaka yote hiyo hajaniona nikicheza hata mara moja. Timu zangu hazikuwa za kuonyeshwa popote. Kumbi nyingine hata taa zilikuwa zinawaka kwa kubembelezwa.

Msimu huu klabu ikanunua kamera. Moja tu, wakaifunga kwenye nguzo, mechi zikawa zinaonekana kwenye mtandao. Baba ana miaka sabini na sita, macho yamechoka, lakini akikaa hatua mbili kutoka kwenye televisheni anaona vizuri. Dada akaunganisha kila kitu. Wakakaa wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa, wakinitazama nikisugua benchi.

Kuna kanuni pale: wachezaji wageni wawili tu ndio wanaoruhusiwa kuwa uwanjani kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa mgeni wa tatu. Nikawaambia nyumbani eti kocha ananihifadhi kwa mechi ngumu. Kila mechi tukifungwa, baba anamuuliza dada, "Hii nayo haikuwa ngumu?"

Ijumaa kabla ya mechi ya mwisho kocha akaniita ofisini kwake, kachumba kanakonuka mipira iliyopasuka. Hakuzunguka.

"Msimu ujao tunachukua mtu mwingine," akasema. "Una miaka thelathini na tano. Wewe mwenyewe unajua."

Nilijua. Magoti yangu yalijua kabla yangu. Lakini nikashangaa kusikia sauti yangu ikiomba kama mtoto. "Kocha, Jumapili nipe dakika moja tu. Baba yangu hajawahi kuniona nikicheza."

Akakuna kichwa. "Mgeni mmoja akitolewa kwa faulo tano, unaingia."

"Na asipotoka?"

"Omba Mungu atoke."

Basi nikarudi nyumbani kumwombea mabaya mwenzangu. Naye si mtu wa mbali, ni yule niliyekuwa nikiishi naye nyumba moja, fowadi na mgeni mwenzangu tuliyemwita Daktari kwa sababu hatembei bila chupa ya dawa ya kuchua. Nilimweleza tukiwa jikoni. Akanitazama, akamimina chai, akasema, "Faulo tano? Hiyo nayo kazi? Niachie mimi."

Jumamosi nikapiga simu nyumbani.

"Shikamoo baba. Kesho utaniona."

"Marahaba. Utaingia kweli, au utakaa benchini na koti lako, pale mlangoni?"

"Nitaingia, baba."

Kisha akauliza swali aliloniuliza maisha yangu yote kabla sijatoka nje ya mlango: "Jezi imenyooshwa?"

Jamani, nani ananyoosha jezi ya mpira wa kikapu? Hakuna. Inatolewa kwenye mashine, inavaliwa, inalowa jasho, basi. Lakini mimi ni mtoto wa fundi. Nikakunja blanketi juu ya meza, nikatandaza jezi, nikaweka kitambaa chenye unyevu juu yake ili moto usiiunguze, nikaipitisha pasi polepole kama ya bwana harusi. Jumapili nikaibeba kwenye henga ya nguo ndani ya mfuko, Daktari ananicheka njia nzima. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nikaitundika kwenye msumari. Nikajiambia nitaivaa baada ya kupasha misuli, nisije nikaitia jasho na mikunjo kabla baba hajaiona.

Hapo ndipo nilipojiroga mwenyewe.

Maana mwisho wa benchi, mahali pangu, kuna mlango unaoingiza baridi. Kwa wiki tisa nilikuwa nikivaa fulana nzito ya kahawia, iliyotoboka kwapani, na juu yake koti la mazoezi nikilifunga zipu mpaka kidevuni. Jezi nilishaacha kuivaa tangu wiki ya tatu. Ya nini? Jumapili ile tukapasha misuli, tukaitwa, tukaenda kukaa, nami nikakaa na fulana yangu na koti langu kama kawaida. Jezi ya bwana harusi iko msumarini, mlango umefungwa kwa ufunguo.

Tulichezewa kama watoto. Robo ya nne, dakika tatu zimebaki, tuko nyuma kwa pointi ishirini na mbili. Daktari ana faulo nne. Akanitazama kule benchini, akanikonyeza, kisha akamkumbatia kiunoni mchezaji wa wapinzani ambaye hata mpira hakuwa nao. Mwamuzi akapuliza filimbi mpaka mashavu yakavimba. Faulo ya tano. Daktari akatoka uwanjani mikono juu, eti ameonewa.

Kocha akaninyooshea kidole. Nikaruka, nikafika meza ya waamuzi, nikasimama wima nikiitazama ile kamera kwenye nguzo. Nilikuwa najua sebule yetu imejaa. Nikashika zipu, nikaifungua kwa mbwembwe, koti nikalitupa nyuma bila kuangalia linakoangukia.

Yule dada wa mezani anayeandika namba akainua kalamu. "Namba ngapi?"

Nikajitazama kifua. Fulana ya kahawia. Kwapani kumetoboka.

Mama yangu! Mtu akiniambia ardhi haiwezi kupasuka ikammeza mtu nitamwambia ni kweli, kwa sababu niliiomba na ikakataa. Wapiga ngoma wa mashabiki wakanyamaza, halafu ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kocha alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akamwingiza mwingine, nami nikakimbilia kwenye korido nikimvuta mkono mtunza vifaa, mzee mwenye funguo za milango yote na nyonga inayomuuma.

"Upi, mzee? Upi?" nikamwambia mlangoni.

"Ukinisemesha nasahau," akasema, akijaribu ufunguo wa nne.

Akiwa kwenye wa tano nikaelewa kitu, nikiwa nimesimama pale nimevaa fulana mbovu. Hakuna aliyenistaafisha. Nilikuwa nimeshastaafu wiki sita zilizopita, siku niliyoona jezi haina kazi mwilini mwangu, ila sikuwa nimejiarifu. Nikaona huruma, na wa kuonewa huruma nilikuwa mimi mwenyewe, na hilo likanikasirisha zaidi.

Mlango ukafunguka. Nikaivua fulana, nikajitumbukiza kwenye ile jezi gizani bila kutafuta taa, nikarudi mbio. Shingo ilikuwa inanikaba, nikadhani ni woga. Kocha hakuniangalia usoni. Alitazama saa, akatikisa kichwa, akasema, "Ingia. Usiguse kitu."

Sekunde thelathini na nane. Nitawasimulia zote, hazichoshi. Yule mfupi wetu anayechezesha timu akaja na mpira. Nikaenda nikasimama. Mlinzi wao akanigonga mbavuni, mfupi akapita, akafunga. Tukarudi kuzuia, wao wakakosa, mpira ukaokotwa na mtu mwingine. Kengele ikalia. Mpira sikuugusa. Karatasi ya takwimu ya mechi yangu ya mwisho ina sifuri kila mahali, safi kabisa, imenyooka kuliko ile jezi.

Watu walikuwa wananionyesha vidole wakicheka, nikadhani bado ni mambo ya fulana. Nikaketi kwenye korido, juu ya sanduku la mipira, simu ikaita. Ni dada.

"Kaka, ngoja, baba anaitaka simu." Nyuma yake nikasikia sebule nzima inaongea kwa pamoja.

"Baba," nikaanza, "naomba unisamehe. Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Umevaa nyuma mbele," baba akasema.

Nikajitazama tena, mara ya pili siku hiyo. Namba kubwa ya mgongoni ilikuwa tumboni. Na juu yake, kifuani, herufi nyeupe kutoka bega hadi bega: jina la baba yangu. Waamuzi nao, nadhani, walikuwa wanataka kwenda nyumbani, wakaniacha.

"Loh. Baba, sikuona. Kulikuwa na giza, na haraka..."

"Nyamaza kwanza nikwambie. Wiki tisa nawatazama wenzako. Majina yao yako mgongoni, mtu mpaka akimbie ndiyo uyaone, na akikimbia mimi siwezi kusoma, macho hayawahi. Leo umeingia, umekwenda umesimama. Umemzuia yule mtu, mwenzako amepita. Na wewe umesimama tu, umetuelekea, jina liko mbele. Nimelisoma. Nimelisoma lote, halafu nikalisoma tena."

Nililia pale juu ya sanduku la mipira, mtu mzima wa mita mbili na kitu, na sina haya kulisema. Mtunza vifaa akapita, akaniona, akaona ni kwa sababu ya mechi, akaniambia ni pointi ishirini tu.

"Upo?" baba akauliza.

"Nipo, baba."

"Hiyo shingo ilikuwa inakukaba."

"Ilinikaba sana."

"Niliona. Wameikata vibaya, na kwapani pia. Ilete nikutengenezee."

Habari za Ijumaa nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nyumbani. "Baba, hii ilikuwa mechi ya mwisho. Sitaivaa tena."

"Najua," akasema. "Ilete."