Siku Spika Yangu Ilipoanza Kusikia

Spika iliniongelesha saa nne asubuhi, jua linawaka, niko peke yangu chumbani.

Haikuwa na redio. Haikuwa na simu. Ilikuwa imeungwa kwenye kibao nilichokilehemu kwa mikono yangu mwenyewe, na betri ya mraba ya volti tisa. Basi.

Ikasema, "La kushoto limekufa kabisa."

Jamani! Nilitema pini tatu nilizokuwa nimebana mdomoni, nikajikuta nimesimama juu ya kiti.

Ngoja niwaeleze vizuri.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani. Mambo ya umeme niliyaingia kwa hasira tu. Redio yangu ilikufa, nikaipeleka sokoni kwa mwanamke mmoja anayetengeneza vipaza sauti. Kila mtu anamwita Dada Lehemu. Akaifungua, akachomoa kitu kidogo chenye mistari ya rangi, kimeungua.

"Hiki tu?" nikauliza.

"Hiki tu. Rezista. Kazi yake kubana umeme."

Kitu kama punje ya mchele kilininyima muziki wiki mbili! Nikamwambia, "Dada, nifundishe. Sitaki kuonewa tena na vitu vidogo."

Tukaanza. Kila Jumatano mchana yeye ananichorea sakiti, mimi namrekebishia nguo. Volti, ampea, omu. Nilizichanganya hadi nilipozifananisha na nyumba yangu. Volti ni mimi ninavyosukuma. Omu ni mama mkwe anavyokaza. Ampea ni maendeleo yanayopatikana.

Piga hesabu. Maendeleo: karibu sifuri.

Mama mkwe alikuwa amehamia kwetu miezi minne nyuma, baada ya kufiwa na mume. Siku za mwanzo nilimhudumia kama malkia. Lakini yule mama, jamani, alikuwa na dharau za kiwango cha juu.

Namwamkia, "Shikamoo mama." Anatazama dirishani.

"Mama, nikuletee chai?"

"Jana ndiyo ilinyesha sana."

Nikawa najiuliza, hilo ni fumbo? Mimi ndiyo mvua?

Siku moja mteja wangu kaja, nikamwambia mama, "Huyu ni mwalimu, anafundisha hesabu." Mama akamtazama yule mwalimu kuanzia kichwani hadi viatuni, akasema, "Pole sana."

Mwalimu hakurudi tena.

Nikamwambia mume wangu, "Mama yako ananichukia."

"Mama ndivyo alivyo," akajibu. Mume wangu ni dereva wa lori, na kila tatizo analipita kama anavyopita mashimo barabarani. Polepole, macho mbele.

Nikavumilia, nikachoka. Mwisho nikamwambia neno ambalo leo nalionea aibu. "Nyumba hii haitutoshi mimi na mama yako."

Akapiga simu kwa dada yake. Ikaamuliwa, Jumamosi mama anahamishiwa kwa wifi. Yeye mwenyewe hajaambiwa. Ilikuwa Jumanne.

Sasa turudi kwenye ile spika.

Kesho yake, Jumatano asubuhi, nilikuwa nimemaliza amplifaya yangu ya kwanza, kile kibao cha kukuza sauti. Nilitaka spika moja ikae mezani kwangu na nyingine sebuleni, juu ya kabati, nisikilize muziki nikiwa napiga pasi. Nikapitisha waya mrefu chini ya mlango. Nyaya zote nyekundu na nyeusi, zote zinafanana, na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza gauni la mtu. Nikaunga. Nikawasha.

Ndipo spika ikatamka kwamba la kushoto limekufa.

Nilipopata pumzi nikaitambua ile sauti. Mama mkwe! Alikuwa amekaa sebuleni, anaongea na wifi kwenye simu, sauti ya simu imefunguliwa mwisho.

Nilipaswa kuzima. Najua. Sikuzima.

"Na la kulia?" wifi akauliza, kwa kelele za mtu anayeita ng'ombe.

"La kulia linasikia kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Usimwambie kaka yako."

"Na yule mkwe wako? Mnaelewana vipi?"

Nikasogeza sikio kwenye spika.

"Yule mtoto ni mzuri. Ananitunza. Lakini anaongea chini chini kama anasali. Nikimjibu naona uso wake unabadilika, najua nimejibu kisichoulizwa. Sasa nanyamaza. Bora anione nina kiburi kuliko anione nimekwisha."

Nikazima. Nikakaa sakafuni katikati ya vitambaa, nikalia hadi lile gauni la mteja likapata madoa.

Nikatoka mbio hadi kwa Dada Lehemu, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Spika yangu inasikia!"

Akacheka hadi akaweka pasi ya kulehemu chini. "Umeunga ya sebuleni upande wa kuingizia sauti. Spika ni karatasi, sumaku na koili. Umeme ukija, karatasi inatikisika. Sauti ikija, karatasi inatikisika vilevile, na umeme unazaliwa. Ni mlango, shoga. Unafunguka pande zote."

Nikamweleza yote. Akaacha kucheka.

"Hadi Jumamosi zimebaki siku ngapi?"

"Tatu."

"Basi kaa chini tufanye kazi."

Tukaunda kifaa kidogo ndani ya kisanduku cha sabuni. Maikrofoni ya ukubwa wa kifungo, amplifaya, kitufe cha kuongeza sauti, hedifoni. Dada Lehemu akalazimisha tuongeze rezista kabla ya hedifoni. "Hii ni breki. Tusije tukamuua mzazi wa watu kwa sauti."

Tatizo lilikuwa moja. Nitampaje bila kusema nilimsikiliza?

Alhamisi nikamwendea. Safari hii nikakaa mbele yake, uso kwa uso, nikapaza sauti.

"Mama, naomba unisaidie kujaribu kifaa changu. Mimi kelele za cherehani zimeniharibu masikio!"

Akakigeuzageuza kisanduku mkononi. Akavaa hedifoni.

Nikawasha.

Ukatoka ukelele! Kile kisanduku kilipiga mluzi hadi mbwa wa jirani akajibu. Mama akarusha hedifoni, upande mmoja ukatua kwenye kikombe cha chai.

"Unataka kuniua?" akafoka.

"Hapana mama! Maikrofoni imekaa karibu na hedifoni, sauti inazunguka inajirudia yenyewe!"

Nikaifuta chai, nikavuta maikrofoni mbali kwa waya, nikapunguza kitufe. Nikamwomba mara ya pili. Nadhani alinihurumia tu.

Akavaa. Nikaongea kwa sauti yangu ya kila siku, ile ya chini chini.

"Shikamoo mama."

Akashika hedifoni kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu."

Kisha akainua kidole.

"Kuna kitu kinadondoka."

"Bomba la bafuni, mama. Linavuja."

"Tangu lini?"

"Kama miezi miwili."

"Na mnakaa tu?"

Basi nyumba ikaingia kwenye utawala mpya! Bawaba za mlango zinalia, zipakwe mafuta. Cherehani inakwaruza, ikaguliwe. Na mimi nikaambiwa kwamba nikishona naimba, na kwamba niache.

Jioni mume wangu akarudi. Akanivutia jikoni, akaninong'oneza, "Nimeshapata gari la kubebea vitu vyake Jumamosi."

Sauti ikatoka sebuleni, "Vitu vya nani?"

Mume wangu akageuka rangi. Kwa mara ya kwanza maishani alikutana na shimo lisilo na njia ya kupita pembeni.

Tukaenda wote wawili mbele ya mama. Nikakiri yote, ya Jumamosi na ya spika. Nilitegemea radi.

Yeye akasema, "Mimi nilificha masikio, wewe umenichungulia kwa spika. Tumetoka sare. Huyu ndiye mwenye kesi." Akamnyooshea kidole mwanawe.

Jumamosi lile gari lilikuja kweli, likatupeleka hospitali. Nilikuwa nimemwambia mama kisanduku cha sabuni si daktari.

Daktari akamwangalia sikio la kulia, akasema limechoka kwa umri, atapimwa zaidi. Akahamia la kushoto, lile lililokufa kabisa. Akaangaza taa. Akachukua kikoleo.

Akavuta. Akavuta tena.

Kikatoka kipande cha pamba.

"Mama, hii iliingiaje?"

Mama akafikiri. "Mafua. Kabla sijahama. Sikio likauma, nikaweka dawa, nikaziba na pamba."

"Hukuitoa?"

"Niliitoa!" Akasita. "Nilitoa moja."

Miezi minne, ndugu zangu! Machozi, vikao vya familia, mimi na amplifaya yangu ya kitaalamu, kumbe tatizo lilikuwa pamba!

Dada Lehemu nilipomsimulia alijilaza kwenye kaunta yake kwa kicheko. Alipoweza kuongea alinipa somo ambalo nawaachia na ninyi. Kifaa kikiwa kimya, usiseme kimegoma. Fuata waya wake taratibu, tangu pale sauti inapoingia. Binadamu pia. Mimi nilihukumu dharau kwa miezi minne bila kuuliza hata mara moja kama salamu yangu ilifika.

Mama bado yuko nasi. La kushoto linasikia vizuri, nikamwomba anirudishie kisanduku ili nitumie vipuri vyake kwenye kazi nyingine.

Akakikumbatia kifuani.

"Hiki hakitoki. Nikikiweka dirishani napata habari za majirani wote."