Kuku wa Mama na Viungo vya Morocco

Mfuko wa viungo uliletwa na msichana anayefanya kazi na dada yangu huko Morocco, alipokuja nyumbani likizo. Ndani mlikuwa na unga wa rangi ya matofali uitwao ras el hanout: mdalasini, tangawizi, pilipili, na vitu vingine ambavyo pua yangu haikuvijua. Dada akanitumia ujumbe wa sauti: mpikie Mama kuku, aonje ninachokula huku.

Mama alikuwa amekuja kwangu mjini, mtaa wa Pipeline, kutoka nyumbani Kakamega kwa ajili ya kliniki ya macho. Mama ni mtu wa chumvi na nyanya. Kwake, ukimtia kuku wa kienyeji kitu kingine chochote, basi kuna jambo unaficha. Alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani, akinitazama ninavyomharibia kuku aliyemleta mwenyewe kwa basi, akiwa hai.

Nami nilimharibu kweli. Nilidhani ni kama pilau masala, nikatia vijiko vitatu vilivyofurika. Sufuria ilipochemka sote wawili tukaanza kupiga chafya. Nyumba zetu zimebanana kiasi kwamba chafya yangu ni ya ghorofa nzima, na jirani wa mlango wa pili akachungulia.

"Sasa! Leo kwako ni harusi ama?"

"Ni matanga ya kuku," nikamjibu, maana hasira ilikuwa imeshanipanda.

Nilitaka sana Mama akipende kile chakula. Ni miaka sasa tangu dada aondoke, na kila akipiga simu Mama humwuliza swali lile lile: unarudi lini? Dada husema karibuni. Nilitumaini kwamba mchuzi huu ungemsogeza kwa Mama kidogo, hata kama ni kwa Jumapili moja tu.

Mama akamega ugali, akachovya, akatafuna polepole. Jasho likamtoka puani. Nikangoja aniambie nimemuaibisha. Akachovya tena.

"Mtoto wangu anakula hivi kila siku?"

"Anasema hivyo, Mama."

"Basi ameshazoea huko."

Hakusema kwa ukali. Ningefurahi kama angenigombeza. Nilitamani dada yangu awe pale mezani.

Mama akaniambia nimpigie dada simu ya video. Dada akapokea, kitambaa kichwani, ukuta mweupe mtupu nyuma yake. Mama akaishika simu kwa mikono miwili, nami nikajiandaa kwa lile swali.

"Kuku nimemla," akasema. "Mwanangu, wewe huwa unakula na nani?"

Dada akakirekebisha kitambaa chake kichwani.

"Peke yangu, Mama."

Mama akaiegemeza simu kwenye jagi la maji, uso wa dada ukitazama sahani zetu.

"Lete chochote ulicho nacho, hata kama ni mkate," akamwambia. "Tunakungoja."