Mkono wa Spana, Shingo ya Gitaa

Nilipotangaza kwamba nitanunua gitaa, kaka yangu mkubwa alisema mkono wangu ni wa spana, si wa gitaa. Alisema hivyo mezani mbele ya mwaitu, mama yetu, naye mwaitu akacheka hadi akashika ubavu. Shemeji yangu, mke wa kaka, akaongeza: "Hiyo gitaa utakula na macho tu."

Walikuwa wamezoea. Walisema sitamaliza diploma ya ufundi wa mitambo. Nikaimaliza, karo nikijilipia mwenyewe kwa kugonga kokoto. Walisema Uarabuni nitakimbia kabla mwaka haujaisha. Nikakaa mitano, nikitengeneza pampu kwenye joto linalokausha mate mdomoni, kisha nikarudi Machakos nikajenga nyumba ya mawe. Sijisifu bure. Nasema yaliyotokea.

Lakini nilirudi nimechoka. Nililala mapema nikaamka nimechoka, nikanywa chai nikiwa nimechoka. Kule Uarabuni, bwenini, jirani yangu wa kitanda cha juu alikuwa na gitaa kavu, lile lisilohitaji umeme. Alipolipiga baada ya zamu, chumba kizima kilinyamaza. Hapo ndipo nilipojiahidi kwamba nikifika nyumbani nitajifunza kitu kimoja ambacho si kazi. Kimoja tu. Sikuwa na kingine cha kujiahidi.

Duka lilikuwa karibu na msikiti, la mzee ambaye wazazi wake walitoka pwani. Aliuza redio, saa, na magitaa manne yaliyoning'inia ukutani.

"Keti hapo kwenye kigoda ujaribu, mwanangu," aliniambia.

Dukani mlikuwa na wateja watatu. Mimi sikujua hata gitaa huwekwa paja gani, na mtu mwenye diploma hababaiki mbele za watu. Kwa hiyo nililikagua gitaa kama ninavyokagua mashine: nikagonga mbao, nikatazama maungio, nikavuta nyuzi kuona kama zina nguvu. Nikachagua kubwa kuliko yote, jekundu, linalong'aa, lenye nyuzi nene za chuma.

"Hujabonyeza hata uzi mmoja," mzee akasema.

"Nalijua hili. Lifunge."

Nilisema uongo.

Nyumbani nikagundua nyuzi zake zimekaa juu ya shingo kama kamba ya kuanikia nguo. Kuubonyeza uzi mmoja hadi ugote kwenye mbao kulihitaji koleo. Baada ya wiki moja ncha za vidole zilikuwa zimechanika, na sauti niliyoipata ni ya mtu anayegonga debe. Kaka alipita mlangoni akachungulia.

"Fundi, hiyo pampu bado haijatoa maji?"

Nikalipandisha gitaa juu ya kabati. Kicheko chake ningekivumilia, nimevumilia vingi. Kilichoniuma ni kwamba nilianza kumwamini. Nilikaa barazani nikiutazama mkono wa kushoto, mnene, wenye kovu la flanji, chuma cha kuungia mabomba, nikafikiri labda spana zimeuua kweli, na kwamba nimebaki mtu wa kazi tu hadi mwisho wangu.

Kinyozi wangu ndiye aliyenitoa hapo. Alikuwa na gitaa dogo lenye nyuzi za plastiki, akaniazima Jumapili moja mchana. Nikabonyeza, nikapiga, sauti ikatoka safi. Nilishtuka nikatazama nyuma kana kwamba ni mtu mwingine aliyepiga. Ila fundi haamini kipimo kimoja. Nikaazima la mwalimu wa kwaya. Nyuzi zake zilikuwa nzuri, lakini tumbo lake lilikuwa kubwa hivi kwamba bega langu lilipanda hadi sikioni. La tatu lilikuwa la mjomba wangu wa Kathiani, kuukuu, shingo yake imeungwa kwa msumari. Hilo nilikaa nalo siku kumi na nne, na juu yake vidole vyangu vikajua mikao mitatu ya kubonyeza nyuzi. Nikachukua rula ya chuma, nikapima nafasi kati ya uzi na mbao, nikaiandika kwenye karatasi. Kisha nikalipima lile jekundu. Nafasi yake ilikuwa karibu mara tatu. Mkono haukuwa umekufa.

Nikarudi kwa mzee na rula mfukoni na gitaa jekundu begani. Safari hii niliketi kwenye kigoda. Nilijaribu moja baada ya jingine, nikikosea kwa sauti, na mama mmoja aliyekuja kununua betri akacheka waziwazi. Nikaendelea. Nikachagua la kahawia, lenye mkwaruzo tumboni, linalokaa pajani bila kunisukuma bega.

"Nilijua hilo jekundu litarudi," mzee akasema akinibadilishia. "Boksi lake sijalitupa."

Wakabaki walioniazima. Nilimpelekea mjomba sukari na soda, akazisukuma kando.

"Kwani mimi niko na duka? Ulichukua siku zangu. Leta yako moja ya jembe."

Ndivyo ilivyo kwetu katika mwethya, kikundi cha majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu: mkono hulipwa kwa mkono. Basi nikaenda kumwezekea kinyozi upya paa la kibanda chake. Mwalimu wa kwaya nikamchimbia shimo la choo, siku mbili, mgongo ukinilaumu. Mjomba akawa wa mwisho. Aliniita siku ambayo mwethya ilikuja kuchimba matuta kwenye mteremko wake kabla ya mvua. Kaka na shemeji nao walikuwa kwenye mstari, na majembe yao.

Saa nne viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Saa sita uji ukaletwa.

"Lete hiyo pampu tuone," kaka akasema, akionyesha gunia nililokuja nalo.

Nililitoa gitaa kwenye gunia. Vidole vilikuwa vimekakamaa, na mara ya kwanza vilikosa. Shemeji akafungua mdomo. Nikarudia. Mkao wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha wa kwanza tena, polepole, sauti safi. Wanawake wakaudaka mwendo wake wakaanza kuimba wimbo wa kuchimbia. Shemeji akaimba nao.

Kaka alikunywa uji wake wote kwanza. "Rudia," akasema.

Nikarudia. Mjomba akasimama, akanyoosha kiuno.

"Haya. Mimi na wewe tumemalizana."

Nikalirudisha gitaa kwenye gunia, nikaokota jembe. Tuta lilikuwa limebakiza hatua thelathini.