Gari Lililokuwa Likizimika Jangwani

Nilipotoka upande wa Masasi kuja Dar es Salaam, miaka ya hamsini, nilipata kazi ya udereva kwa Mhindi mmoja mzee mwenye duka la vitambaa karibu na soko la Kariakoo. Mke wake alikuwa amesafiri kwa meli kwenda Bara Hindi kutibiwa, akafia huko mikononi mwa kaka zake. Mtoto wao wa pekee alikuwa Kampala. Mzee alibaki peke yake, duka chini, vyumba vitupu juu.

Mimi nilipanga chumba nyuma ya Msimbazi, katika nyumba iliyojaa watu wa Rufiji, wote ndugu kwa ndugu. Hawakunitendea ubaya wowote. Tulisalimiana asubuhi, tukasalimiana jioni, basi. Wanawake walipopika uani wakicheka, mimi nilikula chumbani, mlango nimeuegesha tu, nipate kusikia watu wakizungumza.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupeleka majora ya vitambaa kwa mafundi cherehani wa Magomeni. Gari lilitoka dukani vizuri, likapita mitaani vizuri, lakini tukifika bonde la Jangwani lilianza kukohoa. Lilishtuka mara mbili tatu, likazima. Nilishuka nikapiga hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, mpaka shati likalowa, wapi. Tukikaa kitambo, nikijaribu tena, liliwaka kama si lenyewe.

Nililipeleka kwa fundi mmoja Gerezani. Alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akafungua pampu ya petroli na kuifunga tena. Liliunguruma pale uani kwake asubuhi nzima, kifuniko cha tangi kikiwa wazi, bila kusita. Alasiri yake likatuzimikia Jangwani, karibu mahali palepale. Niliporudi kwake alijifuta mikono, akaniambia, "Ndugu yangu, gari hili halina ugonjwa. Lina tabia."

Kwa hiyo tukawa watu wa kungoja. Mzee alifungua mlango, akakaa miguu nje, akamenya chungwa na kunipa nusu. Dukani hakuwa na maneno zaidi ya yadi na rangi. Pale bondeni alizungumza. Alikuwa amezaliwa Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu mimi niliyekua nikisema Kimakua. Siku moja aliniuliza:

"Mama yako yu hai?"

"Hapana, bwana. Alifariki nikiwa huku. Habari zilinifikia wamekwisha zika."

Alitafuna chungwa lake polepole. "Na mimi pia, kwa mke wangu," alisema. "Wamekwisha maliza kila kitu, ndipo napata habari."

Baadaye gari liliwaka, tukaenda zetu Magomeni.

Ugonjwa wenyewe niliugundua kwa bahati. Siku hiyo gari lilipozima, niliingiwa na wasiwasi kwamba petroli imekwisha, maana kipimo chake kilikuwa hakisemi kweli tena. Nikachukua kijiti nipime tangi. Nilipozungusha kifuniko tu, nikasikia hewa ikiingia kwa nguvu, fyuu, kama mtu aliyezuiwa pumzi halafu akaachiwa. Petroli ilikuwapo tele. Nikafunga, nikapiga hendeli mara moja, injini ikaitika papo hapo bila kungojwa.

Sikumwambia mzee neno. Kesho yake lilipozima, sikugusa injini. Nilikwenda moja kwa moja nyuma, nikalegeza kifuniko, fyuu, nikarudi mbele. Likawaka.

Nikakivua kifuniko na kukitazama vizuri. Kifuniko cha tangi huwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa. Petroli inapotumika, hewa huingia kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi hubana, pampu ikavuta isipate kitu. Kwa ndani ya kile chetu palikuwa na duara la mpira, limekatwa kwa mkasi kutoka tyubu ya baiskeli au ya gari, likabandikwa kwa uangalifu mkubwa. Kitundu kilikuwa kimezibwa kabisa; hewa ilipenya pembeni kidogo kidogo tu, ndiyo maana tulipongoja liliwaka.

"Bwana," nikasema, "nimeuona ugonjwa. Kuna mtu ameweka mpira hapa."

Mzee alikipokea kifuniko, akakitazama kwa muda mrefu.

"Niliweka mimi," alisema. "Mke wangu alikuwa hawezi harufu ya petroli. Siku ya kumpeleka bandarini alikuwa mgonjwa sana. Nikasema, asitapike njiani."

"Alitapika?"

"Hapana. Alisinzia begani kwangu mpaka bandarini."

Nilimwuliza kama niubandue ule mpira. Alitikisa kichwa. "Utoboe tu. Usiutupe."

Nikachukua msumari, nikautoboa mpira pale penye kitundu, nikafunga kifuniko. Tulifika Magomeni bila kusimama, tukarudi bila kusimama.

Tangu siku hiyo gari halikuzima tena. Mzee aliketi nyuma na majora yake, mimi mbele na usukani wangu. Tulipokuwa tukipita Jangwani aliwahi kusema, "Linakwenda sasa." Nikajibu, "Linakwenda, bwana." Yalikuwa ndiyo mazungumzo yetu ya siku nzima. Mara nyingine nilipunguza mwendo pale, nikidhani atasema kitu. Alitazama nje tu.

Mwaka haukuisha, alifunga duka akaenda kuishi na mwanawe. Gari alilinunua mtu wa Morogoro. Nilimsindikiza mzee kwa miguu hadi stesheni, mizigo ikiwa juu ya mkokoteni wa mchukuzi mbele yetu. Kabla ya kupanda treni alinipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Tafuta mke," aliniambia. "Usikae hivi."

"Nimesikia, bwana."

Treni ilipoondoka nilisimama pale mpaka wachukuzi wakatawanyika. Baadaye nilipata kazi ya lori la njia ya Kilwa. Kuna siku nilikwenda kutwa nzima sina wa kusema naye, na jioni sauti yangu ilipotoka kumsalimu mtu, ilitoka ikikwaruza.